Jumba la babu Capri Point tuligawe fleti?

SWALI: Shikamoo mzee wa ramani. Sisi ndugu wanne babu katuachia jumba la zamani la mawe na chokaa huku Capri Point, Mwanza, la ghorofa moja, baraza pana linaangalia ziwa. Kaka anataka fleti nne, mbili juu mbili chini, sebule kubwa ikatwe katikati kwa tofali. Mimi roho inasita. Unatushauri nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzuie kaka yako hapo hapo kwenye sebule. Ukuta ukipita pale dari ya mbao inakatika, dirisha linabaki nusu lako nusu la jirani, sasa hapo si bora mngevunja tu mjenge upya!

Wenzetu Uingereza haya wameyapitia sana. Kuna Gunton Hall huko Norfolk, jumba la shamba lililochorwa na Matthew Brettingham miaka ya 1740, likaungua 1882 sehemu kubwa ikabaki gofu, ndo 1980 Kit Martin akalinunua akaligeuza makazi. Huyu bwana alikuwa anapenda kugawa kwa kusimama, sio kwa kulala, yani kila mtu anapata chini yake na juu yake, mlango wake na ngazi yake, vyumba vikubwa vinabaki vizima. Na nyie fanyeni hivyo, maana sakafu ya mbao mtoto akiruka juu wa chini halali. Ila ngazi zinakula nafasi, huenda fleti zikatoka tatu tu, sasa hapo mkae muelewane nani afidiwe hela.

Vyoo na majiko yawekwe mgongo kwa mgongo bomba liwe moja, na kabla ya yote muulizie mamlaka ya maji kama bomba la maji taka linapita hapo, kuchimba shimo kwenye miamba ya Mwanza mtalia. Halafu fundi asiwapigie lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani ya ukuta, lipu inabanduka.

Karatasi sasa: mpate msimamizi wa mirathi kwanza, kisha kibali cha halmashauri. Sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo inaruhusu kila mmoja awe na hati ya fleti yake, huku paa na sehemu za pamoja mkizitunza wote kupitia umoja wenu. Baraza liandikwe la wote, la sivyo atakayepata upande wa ziwa ataweka uzio kabla ya Krismasi.