Jibu: pactl inaleta Connection refused, sauti imegoma kuhamia hedifoni za USB

Mambo mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye Linux ukipiga sudo pactl set-default-sink (pactl ni amri ya kuongoza seva ya sauti, sink ni kifaa cha kutolea sauti) unapata Connection refused, yaani muunganisho umekataliwa, na sauti bado inatokea kwenye spika za laptopu.

Anza kwa kutoa hiyo sudo, inayoendesha amri kama root (msimamizi mkuu wa mfumo). Seva ya sauti inakimbia chini ya yuza wako, sio root, sasa ukiweka sudo unaenda kugonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Mimi hii ilinila usiku mzima, nikafuta na kuinstoo kila kitu upya kumbe tatizo ni neno moja tu.

Halafu piga pactl info, ikijibu seva iko hai. Fuata na pactl list short sinks, utaona mistari kadhaa, wa hedifoni jina lake mara nyingi linaanza na alsa_output.usb, likopi lote kama lilivyo maana ni refu na ukilichapa kwa mkono lazima ukosee, kisha liweke badala ya JINA:

pactl set-default-sink JINA

Sasa kama muziki ulikuwa unapiga tayari unaweza ukabaki kulekule kwenye spika, usishtuke, piga pactl list short sink-inputs (orodha ya sauti zinazopiga muda huo), chukua namba ya mwanzo wa mstari, tuseme 42, alafu:

pactl move-sink-input 42 JINA

Ikihama ila husikii kitu, huenda iko mute (imezimwa sauti), iondoe hivi:

pactl set-sink-mute @DEFAULT_SINK@ 0

Hedifoni zisipoonekana kabisa kwenye orodha, tupia hapa majibu ya pactl list cards, huenda profaili (mpangilio wa kadi ya sauti) imekaa off.