Swali la lugha: Virusi "vilivyotengwa na wagonjwa"

SWALI: Nimekuta sentensi hii katika habari ya sayansi: "Wataalamu walichunguza maabarani virusi vilivyotengwa na wagonjwa wa homa ya manjano, yaani hepatitisi." Mwenzangu anasema ina makosa. Mimi siyaoni. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwenzako kasema kweli, na kosa kubwa limo katika kineno "na". Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda. Mtoto akichanjwa na muuguzi, muuguzi ndiye aliyechanja. Kwa sentensi hiyo, basi, kazi ya maabara imefanywa na wagonjwa! Tena kutenga kitu na kingine ni kuviweka mbalimbali, hivyo msomaji mwingine atadhani virusi viliwekwa mbali na wagonjwa. Kumbe vilitolewa miilini mwao. Mwandishi angesema "vilivyotengwa kutoka katika damu ya wagonjwa", na kama sampuli ni kinyesi, akitaje bila haya: virusi vya homa ya ini (hepatitisi) ya aina A vilionekana mara ya kwanza mwaka 1973 katika kinyesi.

Kitenzi chenyewe nacho kinataka uangalifu, na hapa waandishi wengi huteleza. Kutenga virusi ni kuvipata vyenyewe, mara nyingi kwa kuvikuza katika seli. Kutambua ni jambo jingine. Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989 kupitia vipande vya chembe zake za urithi, kabla havijaonekana kwa hadubini. Mpaka 2005 ndipo watafiti walipofaulu kuvikuza vizuri maabarani, kwa kutumia aina iliyopatikana kwa mgonjwa mmoja wa Japani aliyeugua homa kali ya ini. Ukiandika kwamba "vilitengwa" mwaka 1989, unaficha miaka 16 ya kazi ngumu.

Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu. Macho kuwa ya manjano ni dalili inayoweza kutokea katika yote mawili, ndiyo maana watu huchanganya. Hepatitisi ni homa ya ini.

Upatanisho "virusi vilivyo-" ni sahihi. Usikubali "virusi hii" wala "virusi hawa". Umoja ni kirusi, kwa herufi ndogo, maana Kirusi kwa herufi kubwa ni lugha ya Warusi.