Triana wa Sevilla: anza na El Patio, kisha usiruke albamu hadi ufike 1979

Mwenzetu ameuliza aanzie wapi na roki ya progresivu ya Hispania, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye miundo na mapigo magumu, akaongeza kwamba kwa machache aliyokwisha kusikia, bendi za huko zilikuwa zikiwaiga Waingereza kwa lugha nyingine tu. Jibu langu ni Triana, bendi ya Sevilla, na ninaamini kwamba albamu zake tatu za mwanzo zinatosha kuiondoa shaka hiyo.

Triana ilianzishwa mwaka 1974 na watu watatu: Jesús de la Rosa, mwimbaji na mpiga kinanda aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo, Eduardo Rodríguez Rodway kwenye gitaa, na Juan José Palacios, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tele, kwenye dramu. Jina walilitoa kwenye mtaa wa Triana, ng'ambo ya mto Guadalquivir, ambao kwa vizazi vingi ulikuwa makazi ya Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, na chimbuko la waimbaji wa flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa nchi hiyo. Katika hao watatu hakuna mpiga gitaa la umeme wala la besi. Kazi hizo studioni zilifanywa na waalikwa, Antonio Pérez na Manolo Rosa. Jambo hilo limeiachia alama sauti yao yote, kwa sababu kinanda na sauti ya De la Rosa ndivyo vinavyoubeba wimbo, na gitaa la umeme huingia pale tu linapokuwa na neno la kusema.

El Patio ilitoka mwaka 1975 chini ya kampuni ya Movieplay, mtayarishaji akiwa Gonzalo García-Pelayo. Ina nyimbo saba tu. Haikushika mara moja. Ilienea polepole, watu wakipashana habari zake wenyewe kwa wenyewe. Wimbo wa kwanza, «Abre la puerta», unakaribia dakika kumi, na kiitikio chake kinamwomba binti afungue mlango kwa kuwa siku inakaribia kuanza. Ukikumbuka kwamba wakati huo Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, alikuwa bado hai na madarakani, na kwamba alifariki Novemba mwaka huohuo, utaelewa ni kwa nini vijana wengi walioupokea wimbo huo hawakuusikia kama wimbo wa mapenzi peke yake.

Lakini siri ya albamu hii imo kwenye mapigo, na hilo mimi nilionyeshwa na mzee mmoja muuza santuri kuukuu nilipokuwa nikisoma Sevilla. Nilimwambia kwamba wimbo wa tatu, «Recuerdos de una noche», unanipotea kila ninapojaribu kuufuata kwa mguu. Akauweka kwenye mashine, akainua kidole nisubiri, kisha akaanza kugonga kaunta kwa vifundo vya vidole, akihesabu kwa sauti ya chini hadi kumi na mbili na kukaza kwenye 12, 3, 6, 8 na 10. Jaribu mwenyewe mezani: utapata nafasi mbili ndefu za mapigo matatu, kisha tatu fupi za mapigo mawili, na mzunguko unajifunga pale ulipoanzia. Hiyo ndiyo bulería, mojawapo ya midundo ya flamenko, na jina kamili la wimbo linaitaja waziwazi. Waingereza wa enzi hizo walipotaka mapigo yasiyo ya kawaida, mara nyingi iliwabidi wayaunde. Tele aliyakuta mtaani, kwenye makofi ya sherehe za nyumbani, akayahamishia kwenye dramu bila kuyanyoosha. Ndiyo maana ugumu wa muziki huu hausikiki kama majivuno. Na kwa masikio yaliyokulia kwenye taarabu, ile ngazi ya sauti anayoishukia De la Rosa mwishoni mwa mistari haitakuwa ngeni, kwa kuwa ina udugu wa karibu na hijazi, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu.

Ya pili, Hijos del agobio, yaani watoto wa dhiki, ni ya 1977, mwaka ambao Wahispania walipiga kura katika uchaguzi huru wa kwanza tangu kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Hapa maneno yamekuwa ya wazi zaidi na nyimbo zimebana zaidi. Wengi huiweka chini ya El Patio. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu wimbo unaobeba jina la albamu una uchungu ambao albamu ya kwanza, kwa uzuri wake wote, haikuufikia. Sombra y luz ya 1979 ndiyo yenye giza kuliko zote, tena inahitaji subira. Usiisikilize ukiwa na shughuli nyingine mkononi.

Baada ya hapo njia inageuka. Un encuentro ya 1980 iliwapa «Tu frialdad», kibao kilichopigwa sana redioni, kizuri lakini chepesi, na albamu mbili zilizofuata, Triana ya 1981 na Llegó el día ya 1983, ni za kutafutwa na atakayekwisha kuipenda sauti ya De la Rosa. Yeye alifariki Oktoba 1983, akiwa na umri wa miaka 35, kwa ajali ya gari katika mkoa wa Burgos, alipokuwa akirudi kutoka San Sebastián alikokwenda kutumbuiza kwa ajili ya waathirika wa mafuriko ya nchi ya Wabaski.

Ukienda kununua, angalia mwaka kwenye jalada. Katika miaka ya 1990 Tele alilirudisha jina la Triana akiwa na wanamuziki wapya, na kazi hizo, ingawa zina jina lilelile, hazina sauti wala utunzi wa De la Rosa. Ukishamaliza zile tatu na ukataka zaidi, wafuate Imán Califato Independiente na albamu yao ya 1978 kama unapenda muziki usio na maneno, au Alameda, ambao nao ni wa Sevilla, kama kinanda ndicho kilichokuvuta.