Nilivyojivunia uvimbe wa kipimo cha TB

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia. Mtu wa nyumbani kwake anatibiwa kifua kikuu, naye amepimwa: kipimo cha ngozi kimevimba, picha ya kifua ni safi, hakohoi wala hajakonda. Amepewa dawa kinga, ya kumeza mara moja kwa wiki kwa wiki 12. "Kama kinga yangu imeshavidhibiti vimelea, dawa ya nini tena?"

Swali hilo niliwahi kuuliza mimi, tena nikiwa nimekunja mkono wa shati ili kila mtu auone uvimbe.

Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikohoa miezi miwili kabla hajagundulika. Nilipopimwa, nilivimba milimita 17. Muuguzi akanieleza kwamba uvimbe ule ni seli T, askari wa kinga ya mwili, zilizokwisha kukutana na kimelea cha TB, sasa zinakitambua tena chini ya ngozi. Mimi nikasikia neno moja tu: zinakitambua. Nikatoka pale kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilikuwa nakimbia kilomita 10 kila Jumamosi, na kovu la BCG, chanjo ya TB, ninalo begani. Mtu kama mimi ameze vidonge vya wagonjwa? Nikavitia kwenye droo. (BCG, iliyoanza kutolewa kwa binadamu mwaka 1921, inawasaidia sana watoto wadogo wasipate TB ya utando wa ubongo. Kwa mapafu ya mtu mzima si ya kuitegemea. Hilo nalo sikulijua.)

Kimelea kikivutwa na hewa hadi kwenye vifuko vya mapafu, humezwa na makrofeji, seli ambazo kazi yake ni kumeza na kuyeyusha. Bakteria wengi huishia hapo. Huyu wa TB ana ganda lenye nta, na huzuia kifuko kilichommeza kisiungane na kile chenye vimeng'enya vya kuyeyushia. Basi hukaa humo humo, akijigawa polepole, mara moja kwa takriban saa 20. Yaani askari aliyetumwa kumkamata amempa chumba cha kulala. Habari huchelewa kufika kwenye tezi za limfu, zinakoandaliwa seli T. Ndiyo maana kipimo cha ngozi huweza kuchukua wiki 2 hadi 8 tangu mtu aambukizwe kabla ya kuonyesha kitu. Seli T zikishafika, humwaga kemikali iitwayo interferoni gama, makrofeji zikapata ukali wa kuua, na vimelea vinavyosalia huzungushiwa ukuta wa seli uitwao granuloma.

Vimezungushiwa ukuta, havijafa. Hapo ndipo nilipokosea.

Takriban robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa wameambukizwa, na asilimia 5 hadi 10 tu ya walioambukizwa ndio huugua maishani. Hesabu hiyo niliipenda! Sikujua kwamba wengi wa hao huugua ndani ya miaka 2 ya mwanzo, wala kinacholegeza ukuta: VVU vinavyomaliza seli za CD4 (aina ya hizo seli T), kisukari, utapiamlo, sigara. Mimi nilikuwa najinyima chakula ili nikimbie vizuri zaidi, na sigara zangu za "mara moja moja" sikumtajia muuguzi.

Mwezi wa saba nikaanza kukohoa. Homa za jioni, jasho la usiku, kilo 9 zikaenda. Daktari akanionyesha tundu sehemu ya juu ya pafu la kulia, akasema jambo ambalo bado linanichoma: kimelea hiki hakina sumu kali kama ya pepopunda, sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga yenyewe katika kupambana nacho. Hata homa na kukonda hutokana na kemikali za seli zetu. Kinga niliyoitembeza mtaani ndiyo iliyonitoboa.

Matibabu yalikuwa miezi 6, mkojo rangi ya chungwa, basi. Kilichoniuma zaidi ni ndugu aliyenitengea kikombe hata nilipokwisha kupona. TB husambaa kwa hewa, jamani, si kwa kikombe! Nimesamehe, ila kikombe nakikumbuka.

Sasa wewe uliyeniandikia, na wenzako mnaoniuliza kila siku unga wa kuongeza kinga: acheni kutupa pesa. Kinga yako si ndogo, imeshafanya iliyoweza. Hakikisha kwanza wamethibitisha huna ugonjwa wenyewe, maana dawa kinga kwa aliyekwisha kuugua huweza kuzaa usugu wa vimelea kwa dawa. Wakikuthibitishia, meza. Wajulishe kama una tatizo la ini au unatumia dawa nyingine. Sigara acha. Na meza, narudia, hata kama unajiona simba.

Vidonge vyangu vya droo nilivikuta nilipohama chumba kile. Pakiti haijafunguliwa, na muda wake ulikuwa umepita.