Ehudi: mashoto au "mtu wa kushoto"?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Jumapili hapa Kondele, Kisumu, mhubiri alisimulia habari za Ehudi, shujaa wa Israeli katika Biblia, akamwita "mtu wa kushoto". Mwenzake akaongeza kwamba alikuwa mlemavu wa mkono wa kulia. Binti yangu wa darasa la nne, ambaye huandika kwa kushoto, akaniuliza njiani: "Mama, kwani na mimi ni mtu wa kushoto?" Nimjibu nini? Mtaani wanamwita lefti.

JIBU: Mama, mwambie yeye ni mashoto. Ukipenda sema ana shoto, au ni mtu wa shoto. "Mtu wa kushoto" ni yule aliyesimama upande huo, basi. Hilo ma- la mashoto lisikutatize: anayetajwa ni mtu, kwa hiyo mashoto anaandika, mashoto wanaandika. Lefti iacheni huko huko mtaani.

Ehudi sasa. Katika kitabu cha Waamuzi sura ya 3 anatengeneza upanga wenye makali kuwili, urefu wake dhiraa moja, anaufunga kwenye paja la kulia, ndani ya nguo. Hebu chukua mwiko ujaribu hapo jikoni: wa mkono wa kulia huchomoa silaha kutoka upande wa kushoto, na macho ya mlinzi huenda huko. (Biblia haisemi kama alipekuliwa, hiyo ni hesabu yangu, na ya wafafanuzi wengi.) Egloni, mfalme wa Moabu aliyekuwa akiwatawala Waisraeli, akauawa faraghani chumbani mwake. Kisha Ehudi akapiga tarumbeta milimani Efraimu, akavishika vivuko vya Yordani, na Wamoabu wapatao 10,000 wakaangamia.

Ulemavu umetoka wapi? Kiebrania kinamwita, neno kwa neno, aliyefungika mkono wa kuume, yaani wa kulia. Lakini maneno hayo hayo yanarudi katika sura ya 20, kwa Wabenyamini 700 waliorusha mawe kwa teo wasikose hata unywele. Vilema 700 wenye shabaha hiyo? Sidhani. Wafasiri wa kale wa Kigiriki walitumia neno lenye maana ya mtu ambaye mikono yake yote miwili ni ya kulia! Na kinachonichekesha zaidi: Ehudi alikuwa Mbenyamini, na Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume.

Sisi nasi tuna yetu. "Kulia" hapa si kulia machozi. Ni mkono wa kulia chakula. Ndiyo maana bibi humkazia macho mjukuu anayemega ugali kwa kushoto: kwake mkono umekosea kazi. Kuume ni jina la zamani zaidi, na mwenziwe ni kuke, yaani kushoto. Mkono wa kuke bado umo kamusini, ila mimi sijausikia Kisumu.

Jioni mpige picha binti yako na mwenzake. Mkiitazama, mwulize wa kushoto ni nani, halafu mwulize mashoto ni nani.