Barua za Wasomaji: Nani aliiua bandari ya Pangani?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Muheza. Babu yangu, mzaliwa wa Bweni, anashikilia kwamba Bushiri kabla ya kunyongwa aliulaani mto wa Pangani, ndiyo maana mlango ukajaa mchanga na meli zikahamia Tanga. Kaka yangu, aliyesoma, anasema hakuna laana, ni mchanga tu. Wamebishana sikukuu nzima mpaka chakula kikapoa. Nani mkweli? Na kama mchanga ulikuwepo, nani aliyeona vyema kuweka bandari mahali kama pale?*

Marahaba, mwanangu. Wape wote wawili salamu zangu, kisha waambie wale, maana wote wamekosea, ila babu amekosea kidogo kuliko kaka.

Nianze na huyo kaka. Mchanga wa Pangani haukuja juzi. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua boriti na mbata kwenda Unguja, na mara mbili tatu alinipakia nikiwa msichana mdogo, mama akilalamika ufukweni kana kwamba napelekwa Bara Hindi. Kilichonikaa kichwani si safari yenyewe, ni kurudi. Tunafika nje ya mlango wa mto, foromali, ule mti unaobeba tanga, imeteremshwa nusu, mji tunauona, hata moshi wa mikate tunaona, na hatuingii. Tunaelea pale kama watu waliofungiwa mlango wa nyumba yao.

Mjomba hatazami mji. Anatazama maji. Ya mto yana rangi ya udongo, wakati wa masika ni mekundu kabisa, ya bahari ni ya kijani, na baina yake pana mstari kama uliopigwa na uzi wa seremala. Panapovunjika povu jeupe ndipo penye fungu la mchanga. "Yakitoa meno, usiyaamkie," alikuwa akisema. Basi tunangoja maji yajae. Yakijaa, anaacha wimbi kubwa lipite, na la pili lipite, halafu anapiga ukelele mmoja tu, foromali inapanda, na chombo kinajisukuma mkondoni, Bweni kushoto, mji kulia, nasi watoto tumenyamaza kama tuko msikitini. Wakati wa kusi tuliwahi kungoja kutwa.

Nakuhadithia haya ili uone kwamba fungu na vyombo vilikuwa vimezoeana. Mto huu unashuka na udongo wa Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara, karibu kilomita 500, na ukikutana na bahari unachoka na kutua mzigo. Umefanya hivyo tangu zamani. Jahazi halina shida na jambo hilo, kwa sababu halizami sana majini, na likipwelewa linalala juu ya mchanga mpaka maji yarudi, kisha linaamka. Kwa chombo cha namna hiyo, fungu ni bawabu tu. Humzuia mgeni na kumpitisha mwenyeji.

Sasa, kwa nini bandari pale? Watu wengi hudhani bandari ya mtoni ni kwa ajili ya kupanda mto. Pangani haikuwa hivyo hata siku moja. Chombo kikipanda kidogo tu kinakwama, kwani huko Hale kuna maporomoko, hayo hayo ambayo leo yanatupa umeme. Siri ya Pangani ilikuwa nyingine: msafara uendao kwa miguu ukifuata bonde la mto ulikuwa na maji ya kunywa karibu njia nzima, ukielekea Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Uliza mtu yeyote aliyewahi kutembea nyikani na mzigo kichwani maji yana thamani gani. Basi vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za masango vilipandia hapo, na pembe za ndovu zikateremkia hapo, zikapimwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani, na kupelekwa Unguja. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Vuga, kwa Kimweri mfalme wa Washambaa. Teleki, yule mtu wa Hungaria, alianza msafara wake kutoka Pangani mwaka 1887 na mwaka uliofuata akatokea Ziwa Turkana. Fikiria umbali huo, na mguu wa kwanza ulikanyaga mchanga wetu.

Juu kidogo ya mji, kando ya mto, yalikuwapo mashamba ya miwa. Sukari guru ya Pangani ilisifika. Waliokata miwa hiyo walikuwa watumwa, na hilo nitalirudia chini, kuna barua nyingine.

Tumfikie Bushiri, maana ndiye aliyeharibu sikukuu yenu. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani ya Mrima, hii inayotazamana na Unguja, kwa kampuni ya Wajerumani, na mwezi Agosti wakaja kushika forodha. Tafadhali lishike neno hilo, forodha. Mji wa bandari unaishi kwa ushuru: nani anautoza, nani anasamehewa, nani anapata fungu lake. Majumbe, yaani wakuu wa miji, wenye misafara, wenye mashamba, wote walikuwa na sehemu yao katika mpango wa zamani. Aliyetumwa Pangani alikuwa Emil von Zelewski, kijana asiyejua kuomba wala kungoja, ambaye watu walikuja kumwita Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipande, na liwali, mwakilishi wa Sultani mjini, amtii, tena mara moja, na yote hayo yaliangukia siku za Idi ya kuchinja. Haukupita muda mji ukawafungia yeye na wenzake ndani ya nyumba, wakaja kuokolewa na Mathews, jemadari wa Sultani mwenyewe. (Sisi watoto wa Pangani tulipofundishwa kwamba Nyundo aliuawa na Wahehe kule Lugalo mwaka 1891, darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu alituacha.)

Bushiri bin Salim, wa kabila la Harthi kwa baba, mama yake Mgala, yaani Moromo, alikuwa mwenye shamba la miwa na hakuwa mtu wa Sultani sana. Ndiye aliyeishika vita ya kuwapinga Wajerumani. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann waliporudi kutoka Usambara mwaka huo huo wa 1888, aliwakamata, akawatia minyororo, na akawaachia kwa fidia ya maelfu ya rupia. Meyer ndiye huyo aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata, Oktoba 1889. Wakati huo Wissmann, kamanda aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, alikuwa ameshakuja na askari aliowachukua Misri na Msumbiji, na Julai 1889 Pangani ikawa mikononi mwake. Bushiri alikimbilia bara, akasalitiwa, akaletwa. Tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapo hapo Pangani.

Sasa tazama hesabu ya babu yako. Bushiri kanyongwa mwishoni mwa 1889. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga. Miaka isiyotimia minne! Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kitanzi alikuwa hajaanza chuo cha Kurani, na bandari ilikuwa imeshaanza kuchimbiwa kaburi. Mtu aliyeyaona yote mawili kwa macho yake, unamlaumu vipi akisema moja limezaa la pili? Babu kahesabu miaka vizuri, kakosea mkono uliotenda.

Reli hiyo ilikwenda kwa kujikokota. Kampuni iliishiwa fedha, serikali ikainunua. Lakini mwaka 1902 ikafika Korogwe, na hapo ndipo naomba umkalishe kaka yako na ramani. Korogwe iko wapi? Kando ya mto Pangani, juu ya maporomoko! Yaani mzigo uliokuwa ukiteremka bonde lile lile, kwa njia ile ile ya mababu, ulifika Korogwe ukakuta behewa linaungoja. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi na alitaka posho kila siku. Behewa likipakiwa tani 10 limebeba mizigo ya wapagazi zaidi ya 300, halili, halitoroki, na jioni liko Tanga. Nani angeendelea na miguu mpaka Pangani? Mwaka 1905 reli ikawa Mombo, 1911 Moshi. Mto wetu ulikatwa kichwa, ukabaki mkia.

Na huko mwisho wa reli ilingoja meli ya moshi. Hiyo ndiyo ilimalizia kazi. Meli ya chuma inazama sana majini, haiwezi kulala mchangani na kuamka. Pangani ingebidi isimame mbali, bahari wazi, mizigo iletwe kwa tishali, chombo kidogo cha kupakulia, na tishali lingoje maji yajae kama mjomba wangu alivyongoja. Tanga ina ghuba yenye kina, imekingwa na upepo. Kwa hiyo si mchanga uliokuja, kaka. Ni chombo kilichobadilika, mchanga ule ule ukageuka ukuta.

*Mwalimu, habari za siku? Nilitembelea Pangani nikitokea Dar es Salaam. Kijana aliyetuzungusha alituonyesha Boma na milango yake ya nakshi, akasema watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Nililala vibaya usiku ule. Ni kweli?*

Nzuri, mwanangu, pole kwa usingizi. Hadithi hiyo nami niliambiwa, tena na bibi aliyetaka tusicheze pale magharibi. Darasani sikuwahi kuifundisha. Hadithi za watu chini ya nguzo husimuliwa karibu kila penye jengo kubwa lililojengwa kwa jasho la kulazimishwa, na ubaya wake ni kwamba mgeni akishatetemeka anadhani ameshaujua utumwa.

Ningependa zaidi kijana yule akupeleke kando ya mto akakuonyeshe palipolimwa miwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Vizuri. Lakini mtumwa asiyeweza kuvushwa kwenda Unguja anabaki wapi? Anabaki bara, tena kwa bei rahisi, na mashamba ya Mrima yalimngoja. Miwa ikiiva haisubiri, inasagwa usiku na mchana, na juisi inachemshwa papo hapo kabla haijachacha. Fikiria kukesha mbele ya masufuria yale. Kisha Wajerumani wakaja wakisema wamekuja kukomesha utumwa, na hawakuufuta. Waliamua kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru, wazazi waendelee. Sheria ya kuufuta kabisa ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mama mzaa bibi yangu alikuwa mtu mzima mwaka huo. Kwao upande gani wa sheria ile walikuwa, nyumbani hapakusemwa, na aliyeuliza alitumwa kuteka maji.

*Shikamoo Mwalimu. Hapa Korogwe tunabishana: mkonge ulianzia Tanga au Pangani? Mwenzangu anasema mbegu ziliibwa Meksiko zikafichwa ndani ya tumbo la mamba mkavu.*

Marahaba. Mamba mwacheni mtoni, anatosha kule. Mzungu mwenyewe aliitwa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ile iliyogombana na Bushiri. Miche 1,000 aliiagiza Florida, ikapitia Hamburg, na mingi ikafia njiani. Mwaka 1893 iliyofika hai ilikuwa 62. Ndiyo mwaka ule ule wa reli, umeona? Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto, wilaya ya Pangani. Basi umeshinda wewe uliyesema Pangani, kama ni wewe. Miche ile 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote mliyonayo huko Korogwe, na mengi ya Tanzania.

Ila faida ilikwenda kule kule kulikoenda pembe. Nilipokuwa msichana niliona malori ya robota za katani yakitimua vumbi kuelekea Tanga, kilomita 50 hivi, mizigo ikielekea melini, na forodha yetu ya zamani ikinuka mbata na popo. Tulikuwa tukicheza ngazini pake. Hakuna aliyetufukuza, kwa kuwa hapakuwa na kazi ya kuharibiwa.

Mkitaka kuiona Kikogwe, vukeni na pantoni kwenda Bweni, kisha ulizeni bodaboda, si mbali. Wekeni safari yenu maji yakiwa yanakupwa. Mkiwa katikati ya mto tazameni upande wa bahari, kabla pantoni haijagonga ng'ambo. Meno mtayaona.