Kupanda Rungwe peke yako siku za ukungu

Mgeni anayeutazama mlima Rungwe akiwa mjini Tukuyu, mkoani Mbeya, asubuhi yenye jua, huona mlima mpole wa kijani. Kumbe ni volkano ya kale yenye urefu wa mita 2,960 hivi kutoka usawa wa bahari. Ubavu wake wa kusini-magharibi uliporomoka zamani ukaacha shimo wazi lenye upana wa kilomita 4 hivi, na ndani yake mna vilima na mashimo mengine madogo. Umbo hilo ndilo linalopoteza watu. Wakati wa kupanda, migongo yote ya mlima inakutana juu, hivyo hata ukiyumba kidogo bado unaelekea kileleni. Wakati wa kushuka, migongo hiyohiyo inaachana. Ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu ukiwa juu, baada ya kilomita 2 utakuwa mita 350 pembeni ya njia yako, na huenda kati yako na njia kuna korongo lisilovukika. Kwa hiyo njia ya kushukia inatafutwa wakati wa kupanda, macho yakiwa bado yanaona.

Ukungu utakuja tu. Upepo wa kutoka Ziwa Nyasa hubeba unyevu, na ukigonga milima hii hupanda, hupoa, na ule unyevu hugeuka wingu. Ndiyo sababu chai na migomba inastawi pande hizi. Hata kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mara nyingi asubuhi huwa kweupe na wingu hukalia mlima kuelekea adhuhuri. Kuanzia Novemba hadi Mei ni mvua, njia ni tope, na kwenda peke yako miezi hiyo hatukushauri hata kidogo.

Anza kwa kibali. Mlima uko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipia, uliza masharti ya siku hiyo, na ukiambiwa uongozane na mtu, ongozana naye. Hata pasipo sharti hilo, safari ya kwanza iwe na mwenyeji anayeijua njia. Kijijini unakoanzia, pita kwa mwenyekiti, mpe shikamoo yake, mwachie jina lako, namba ya simu, njia unayopita na saa ya mwisho ambayo akiona kimya achukue hatua. Wageni wengi huruka jambo hili kwa haraka ya kuwahi, nalo ndilo litakalowaleta watu kukutafuta.

Saa zipigie hesabu kwenye karatasi. Kanuni aliyoitoa Mskochi William Naismith mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5 za umbali, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yako ina kilomita 7 na inapanda mita 1,200. Umbali unakupa saa 1 na dakika 24, mwinuko saa 2. Jumla saa 3 na dakika 24. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa milima isiyo na mianzi iliyolala njiani. Kwa msitu wetu zidisha mara moja na nusu, upate saa 5 na ushee. Kushuka kwenye utelezi usikuhesabu chini ya saa 4. Ukianza saa 12:30 asubuhi, saa 6 mchana ndiyo saa ya kugeuka, uwe umefika kileleni au hujafika. Jua huzama kama saa 12:30 jioni, na chini ya miti giza huwahi zaidi. Akiba inayobaki ni ya kuteleza, kupotea kidogo na kupumzika. Usiitumie kupigia picha.

Sasa dira. Kila njia inapogawanyika, simama, geuka, tazama ulikotoka. Kupanda hakufanani na kushuka: njia panda uliyoipita bila kuiona asubuhi, jioni itakukabili kama njia mbili zilizo sawa. Soma uelekeo wa kurudi, uandike kwenye daftari kwa penseli (wino wa kalamu hulowa), pamoja na saa na alama moja isiyohama, kama jiwe kubwa au mti ulioanguka. Ukiwa umesoma uelekeo wa kupandia tu, ongeza nyuzi 180. Ikizidi 360, toa 360. Usisome dira huku simu iko mkono wa pili, wala usiiweke dira juu ya mwamba, kwa kuwa miamba ya volkano ina chuma na inaweza kuvuta sindano. Soma mara mbili, sehemu mbili zilizoachana kwa hatua kadhaa. Alama za vitambaa zinasaidia, rangi nyekundu au ya chungwa, ila uzikusanye ukirudi. Kukata miti kwa panga ili kuweka alama ni kosa ndani ya hifadhi.

Simu ni msaidizi mzuri, lakini betri huchoka upesi kwenye baridi. Pakua ramani ukiwa bado mjini, washa kurekodi njia tangu hatua ya kwanza, zima mtandao, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Chini ya miti minene alama ya mahali ulipo inaweza kuruka makumi ya mita, kwa hiyo usiifuate kama reli.

Nguo: acha jinzi na fulana za pamba nyumbani. Pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzijoto 6 hivi, na upepo huongeza makali. Vaa sweta la sufi, koti la mvua lisilopitisha maji, na viatu vyenye meno. Vya mtumba vinatosha kama soli haijaisha. Glavu ni za kukukinga na mianzi iliyokatwa na majani yanayowasha. Beba maji lita 2 hadi 3, chupa ya chai yenye sukari, karanga, viazi vya kuchemsha, tochi ya kichwani yenye betri za akiba, filimbi, na turubai jepesi. Ukiona unatetemeka, vidole vinashindwa kufunga zipu au ulimi unakuwa mzito, mwili umeshaanza kushindwa na baridi. Vaa nguo kavu, kunywa chai, geuka. Usingoje kutetemeka kuishe. Kukiisha bila wewe kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi.

Na ukipotea? Kaa chini kwanza. Kunywa, kula, tazama daftari. Rudi kwenye alama ya mwisho uliyo na uhakika nayo, hata kama ni kupanda tena, jambo ambalo miguu itakataa. Kosa linaloumiza zaidi ni kufuata kijito kwa imani kwamba maji yanaelekea kwa watu. Yanaelekea, ila kwa njia yake: aliyeona Kijungu, shimo la mwamba ambamo mto Kiwira hutumbukia, na Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya mto huohuo, anajua maji yanavyofanya miamba. Vijito vya huku huangukia kwenye makorongo yenye kuta za utelezi, ambako mtandao haushiki na filimbi haisikiki. Njia za wapasua mbao na za wanyama nazo hukatika ghafla msituni. Giza likikukuta, acha kutembea. Kaa juu ya mgongo wa mlima chini ya turubai, ukalie begi badala ya udongo, na upulize filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, utulie dakika moja, kisha rudia. Ukipata mtandao piga 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Taja kijiji ulikoanzia kabla ya kueleza lolote, kwa maana simu inaweza kukatika.

Ukifika chini salama, mpigie mwenyekiti hata kama ni usiku. Asipopata habari, saa uliyomwachia ikipita, vijana wa kijiji watapanda mlima na tochi kukutafuta wakati wewe unakula wali Tukuyu.